Kuku wa Kona ya Chini

Nyumbani kwetu kuku alilala amefungwa mguu. Si kwa sababu ya wezi, ingawa wezi walikuwepo tele, wala si kwa sababu alikuwa mtoro. Tulimfunga ili asipande juu. Kuku wote, kama unawajua, jua likizama wanatafuta mahali pa juu: ubao, dirisha, mgongo wa kiti. Huyu wetu hatukumruhusu. Kila jioni mimi ndiye niliyemfunga kamba ya mgomba kwenye kijiti kilichopigwa katika kona ya salo, yaani sebule, pale ambapo sakafu ya udongo ilishuka kuliko pengine pote, halafu nikamwambia, "Lala hapo. Na kama unakufa, ukufe na makelele." Nilikuwa msichana mdogo bado, na nayasema haya bila kuona haya: kila jioni nilimwomba kuku atangulie yeye.

Mtu ambaye hajaishi Goma ataniuliza, kwani hapo chini kuna nini? Kuna mazuku. Ni hewa mbaya inayotoka ndani ya ardhi, katikati ya mawe meusi ya volkano, na inatulia kwenye mashimo na mabonde madogo kama maji yanavyotulia. Haina rangi, haina harufu. Jua likipanda na upepo wa ziwa ukianza kupiga, inatawanyika na unaweza kusahau kwamba ipo. Lakini alfajiri, upepo ukiwa umelala, inajaa polepole. Inafika kwenye kifundo cha mguu, inafika kwenye goti, na yeyote ambaye kichwa chake kiko chini ya hapo hapumui tena. Mbuzi, mbwa, mlevi aliyeanguka njiani, mtoto kwenye mkeka. Asubuhi wanakutwa wamelala vizuri tu.

Hatukuzaliwa hapo. Kwanza tulikaa mjini, katika nyumba ya mbao yenye sakafu ya simenti, na Papa alikuwa magazinier, yaani mtunza depo, kwenye kiwanda cha kusafisha kahawa. Alikuwa na abakosti, ile suti isiyofungwa tai, ya kijivu ya sikukuu, na kalamu mfukoni hata siku ambazo hakuna cha kuandika. Mshahara wake ulilipa nyumba, unga, maharagwe, shule, na siku ya Mungu tulikula nyama. Sisi hatukuwa matajiri hata kidogo, lakini nilifikiri mshahara ni kitu kigumu, kitu ambacho mtu anaweza kukalia.

Halafu pesa ikaanza kuoza. Sina neno lingine. Siku ya mshahara Mama alimsubiri Papa kwenye geti la kiwanda, kikapu mkononi, anachukua zile pesa palepale na kukimbia nazo sokoni, kwa sababu bei ya asubuhi haikuwa bei ya saa sita. Nilikimbia naye. Muuza unga alikuwa anatuangalia tu. "Mama, unanunua ao unaangalia? Kama unaangalia, ukirudi utakuta bei ingine." Na ni kweli, ukizunguka meza moja na kurudi, bei imepanda. Tulikwenda sokoni na furushi la noti lililomchosha Mama mkono, tukarudi na chakula nilichokibeba mimi mwenyewe, tena kichwani, bila kushikilia.

Wafanyakazi walipomwomba patroni aongeze kidogo, aliwajibu kwa upole kwamba washukuru hata hiyo kazi ipo. Wakashukuru. Ungefanya nini? Nje ya geti wanaume wengine walikaa kutwa kwenye mawe, wakisubiri mmoja tu wa ndani afukuzwe. Papa alikuwa akipita mbele yao jioni bila kuwaangalia usoni.

Mwenye nyumba alipandisha kodi, akapandisha tena, na siku moja akaja na mpangaji mpya tukiwa bado tunakula. Yule mgeni alisimama mlangoni anapima kuta zetu kwa macho. Mama hakunyanyua kichwa. Mwisho wa mwezi ule tulihama.

Nyumba tuliyoipata ilikuwa upande wa Kyeshero, chini ya barabara, ndani ya shimo. Mwenye nyumba hiyo alitufungulia dirisha, akavuta pumzi kwa nguvu, akasema, "Hewa ya ziwa, Papa! Bazungu banalipa hii hewa!" Mama akamuuliza kwa nini basi nyumba ni ya bei rahisi hivi. Mwanaume akaanza kukohoa. Papa alijua, Mama alijua, Goma nzima ilijua ni kwa nini nyumba za mashimoni ni rahisi. Papa akasema, "Ni ya muda tu." Nilikuja kulichukia hilo neno. Mpaka leo mtu akiniambia kitu ni cha muda, namwangalia mara mbili.

Jirani yetu, mjane aliyeuza sambaza, dagaa wa ziwani, ndiye aliyetufundisha namna ya kuishi pale. Alimwambia Mama, "Batoto balale juu. Taa usiweke chini, ile hewa itaizima. Na utafute kuku, umufunge mahali pa chini kabisa. Yeye njo atasikia wa kwanza. Akianza kupiga mabawa, usitafute viatu, beba batoto, mupande kwenye barabara." Papa akaenda kuokota mawe meusi, kitu pekee Goma ambacho bei yake haikupanda, akainua kitanda chetu, mimi na mdogo wangu, mpaka ikabidi nipande kwanza juu ya kidumu ili nikifikie. Kitanda chao nacho akakiinua. Halafu Mama akauza kitenge chake kizuri, akanunua kuku.

Tukamwita Sentineri, kama wanavyoitwa walinzi wa usiku. Papa alimtania: "Huyu njo sentineri wa kweli. Hajawahi kuomba avansi ya mushahara." Mama hakucheka. Alimpa makombo kabla hajala yeye mwenyewe, na mimi, tumbo likiniunguruma, nilimtazama yule kuku akidonoa ugali wetu na nikatamani kumnyonga. Ndivyo ilivyokuwa. Sombe, majani ya muhogo, ilipikwa bila mafuta, chai ilinywewa bila sukari, halafu tukaacha chai, na kuku akanenepa katikati yetu. Mdogo wangu, ambaye alikuwa hajaanza hata shule, alimuuliza Mama kila siku, "Huyu tutamukula lini?" Mama akamjibu, "Huyu haliwi. Huyu anakulinda wewe."

Na alitulinda kweli. Asubuhi moja baada ya mvua kubwa alianza kupiga mabawa na kupayuka kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa kuku mwingine. Mama alimchukua mdogo wangu, Papa akanishika mkono, na tukatoka kama tulivyo, miguu mitupu juu ya mawe yanayokata. Majirani walikuwa wamekwishafika barabarani, wamejifunika blanketi. Hapo Mama akamkabidhi Papa mtoto, akashika pumzi, akarudi ndani. Nililia mpaka nikashindwa kusimama. Alitoka na kuku kwapani, ulimi wake kuku ukiwa nje, na Papa akamgombeza mbele ya watu: "Unafia kuku?" Mama akamwambia, "Kesho nani atatuamsha? Wewe?"

Tangu siku ile nilikuwa na hofu ambayo haikuniacha hata shuleni. Mwalimu akiandika ubaoni, mimi nasikiliza mabawa. Nilianza kuamka kabla ya kuku, nalala juu ya kitanda kile kirefu nimeshika mkono wa mdogo wangu, nikihesabu kama kifua chake kinapanda na kushuka. Nilimwomba Mama turudi mjini. Aliniambia nimwombe patroni wa Papa.

Basi, kiangazi kimoja akaja baba mukubwa, yaani kaka mkubwa wa Papa. Alitoka Butembo juu ya lori la vitunguu, mwanaume mrefu mwenye koti la mvua na kofia ya sufu, amebeba maharagwe kwenye gunia dogo. Hakuwa ametuona tangu tulipokaa mjini. Alisimama juu, barabarani, akaangalia chini kwenye paa letu, akacheka. "Mudogo wangu, sasa unakaa ndani ya shimo?"

"Ni ya muda, yaya," Papa akajibu. Yaya ndivyo tunavyomwita aliyetutangulia kuzaliwa. "Ninajenga kule juu."

Anajenga! Mama alikuwa anateka maji kwenye ndoo, na niliona mkono wake ukisimama hewani. Papa hakuwa na msumari hata mmoja.

Baba mukubwa alikuwa mtu mwema, na hilo lazima niliseme mapema. Alikaa kwenye kiti, akampakata mdogo wangu, akaeleza kilichomleta. Nyumba ya mama yao kule kijijini ilikuwa inavuja, nyasi zimeoza, bibi analala amekaa wakati wa mvua. Familia ilikaa ikasema, tuko na mtoto wetu Goma, anakula mshahara wa patroni, hawezi kukosa mabati ya mama yake. Alilisema bila ubaya wowote. Kule kwao mtu mwenye mshahara bado alikuwa mtu mwenye mshahara.

"Hakuna shida, yaya," Papa akasema. "Mabati si kitu."

Nikatoka nje kuosha sahani, kwa sababu sikuweza kuuangalia uso wa Papa. Muda si mrefu wao wawili, Papa na Mama, wakaja nyuma ya nyumba, na wakaanza kugombana kwa sauti ya chini, kama watu wazima wanavyogombana wakiwa na mgeni.

"Utamuchinja Sentineri," Papa alisema.

"Papa ya batoto, hapana. Nitapika haya maharagwe."

"Nimulishe yaya maharagwe yake mwenyewe? Akirudi kule atasema nini?"

"Aseme tuko na njaa. Si ni kweli?"

"Nitanunua kuku mwingine na mushahara."

"Mushahara gani?" Mama akauliza. Akamshika Papa mkono, na sauti yake ikawa ya kuomba kabisa. "Umuambie ukweli. Ni ndugu yako, hatakucheka. Huyu kuku si nyama, unajua vizuri. Naogopa."

"Siku moja tu," Papa akasema. "Hewa iko nzuri, mvua hainyeshi. Siku moja tu, mama."

Mama angeweza kuingia ndani na kumwambia mgeni mwenyewe. Nimemfikiria sana kwa hilo. Lakini alijua kwamba akisema yeye, Papa hatarudi tena kwao akiwa ameinua kichwa, na kichwa hicho ndicho kitu alichobakia nacho. Alinipa kisu nikampe Papa. Mimi ndiye niliyeshika miguu ya kuku, na alama ya kamba ilikuwa pale kwenye mguu wake, manyoya yamekwisha.

Tulikula vizuri sana jioni ile. Sitadanganya, nilikula na mifupa nikaivunja. Baba mukubwa alipewa firigisi, kama inavyompasa mkubwa, akaikata na kumpa mdogo wangu kipande. "Goma banakula!" akasema, na Papa akacheka kicheko kirefu. Mama alikuwa anaangalia kona ya chini, kijiti kikiwa kimesimama peke yake na kamba imelala pembeni.

Ikabaki habari ya kulala. Mgeni hawezi kulala chini, tena mgeni mwenyewe ni kaka mkubwa, kwa hiyo alipewa kitanda chetu sisi watoto. Alishangaa urefu wake. "Hiki kitanda ni cha askofu?" Papa akamwambia ni kwa sababu ya panya. Mimi Mama alinilaza juu ya viti viwili vilivyoegemezwa ukutani. Mdogo wangu alikuwa na tabia ya kugeuka sana usingizini, viti vingemwangusha, na kitanda cha Papa na Mama kilikuwa chembamba, tena Mama alikuwa mjamzito wa miezi mingi. Kwa hiyo alipangusa mafuta ya kuku juu ya meza, akatandika kitenge, akamlaza pale, akazungushia mito ya nguo. Alifanya hayo baba mukubwa akiwa amekwishapanda kitandani, ili asiulize.

Taa ilizimwa kwa sababu mafuta yake yalikuwa machache mno. Nilijiambia kwamba nitakesha, nisikilize. Lakini nilikuwa nimekula nyama, na mtoto aliyeshiba analala.

Yaliyotokea kabla ya mapambazuko nilikuja kuyaelewa baadaye, kwa maneno yake mwenyewe baba mukubwa. Aliamka mapema, kama watu wa shamba, akashuka kwenye kile kitanda ili atoke kusali na kunawa. Alipofungua mlango, mwanga mdogo ukaingia na akamwona mtoto amenyooka juu ya meza. Kwetu juu ya meza hatulazi mtoto. Aliyelazwa juu ya meza ni maiti, anasubiri jeneza. Alishtuka, akamgusa, akamkuta ana joto, akamshukuru Mungu. Aliwaza kwamba tumekosa mahali kwa sababu yake. Akatandika mkeka kwenye kona ile iliyobaki wazi, akamshusha kwa mikono yake miwili asimwamshe, akamfunika kwa koti lake la mvua, halafu akatoka. Alimpenda yule mtoto.

Mimi niliamshwa na kiberiti. Mama alikuwa ameamka kuwasha mbabula, jiko la makaa, nje ya pazia lililokinga kitanda chao, ampashie mgeni maji. Mbabula ilikuwa sakafuni. Nilisikia njiti inakwaruzwa, nikaona moto unawaka mkononi mwake, kisha anainama, na moto unazimika. Akasonya. Akawasha mwingine, akainama, ukazimika. "Viberiti vya siku hizi!" akasema, maana hata viberiti vilikuwa vimepanda bei na kuharibika. Akawasha tena akiwa amesimama. Njiti iliwaka vizuri kabisa, mwanga wa manjano, nikauona uso wake. Akaishusha polepole. Ilipofika usawa wa goti ikafa.

Hakupiga kelele mara moja. Aligeuka kwanza kuangalia meza.

Sitasahau sauti aliyoitoa. Nilijaribu kusimama nikaona nyumba inazunguka, nikashikilia ukuta. Papa alitoka nyuma ya pazia anauliza nini, nini, na Mama anapapasa juu ya meza, anapapasa kile kitenge kitupu, anasema, "Mutoto yuko wapi? Mutoto yuko wapi?" Mimi ndiye niliyeona koti. Nilinyoosha kidole tu. Papa akainama, akamnyakua pamoja na koti, akayumba, akagonga mlango kwa bega, akatoka. Mama alinivuta kwa nguo ya shingoni.

Juu barabarani Papa alimlaza mdogo wangu kwenye mawe. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau mbivu, mikono imelegea, na nilipoitikisa haikunijibu. Mama alimpulizia usoni, akampiga makofi madogo, akaita jina lake, akaita Yesu, akaita mama yake mwenyewe aliyekufa zamani. Majirani walianza kutoka mashimoni na watoto wao. Mjane wa sambaza alifika, akamwangalia mtoto, akamwangalia Mama, akauliza kitu kimoja tu: "Kuku yenu ilinyamaza?"

Baba mukubwa alikuja anakimbia kutoka upande wa ziwa, uso umelowa maji. "Nani amemuroga? Nani amemuroga mutoto?"

Hapo Mama akasimama, na tumbo lake kubwa, na nywele zake wazi, na akasema yote mbele ya watu wote. "Hakuna mutu amemuroga. Ni mazuku, muzee. Iko hapa kila siku. Tunalala juu sababu ya mazuku, si sababu ya panya. Ule kuku ulikula jana, njo alikuwa anatuamsha. Ndugu yako hajengi popote. Mushahara wake haufiki hata siku tatu. Mabati hakuna. Hakuna kitu! Tuko hapa kwa sababu ni hapa tu tunaweza kulipa!"

Baba mukubwa hakumwangalia Papa. Alikuwa anaangalia koti lake pale chini, limemzunguka mtoto. "Mimi njo nilimushusha," akasema. "Alikuwa kwenye meza kama maiti. Mimi nilimushusha." Akakaa barabarani, yeye mwanaume mzima na kofia yake, na akaanza kujipiga kifuani. Papa naye akakaa. Walikaa hivyo pamoja, ndugu wawili, na wala hakuna aliyemgusa mwenzake.

Upepo ulitoka ziwani. Sijui ni muda gani ulikuwa umepita. Niliuona kwanza kwenye kitambaa cha mjane, kisha nikausikia shingoni, na mdogo wangu akakohoa. Akatapika. Alitapika nyama ya kuku, na alipomaliza akalia kwa sauti ndogo ya mtu aliyekasirika, na Mama akaanguka juu yake. Mimi nilicheka. Nilicheka kwa hofu mpaka mjane akanipiga kofi.

Watu waliposhuka tena nyumbani kwao jua likiwa limepanda, na sisi tulishuka. Ninataka hilo lieleweke. Hatukukimbilia popote. Papa alifungua mlango na dirisha, Mama akawasha mbabula, safari hii ikawaka, na jioni tukalala mle mle.

Baba mukubwa hakutaja tena mabati. Aliondoka kesho yake, na kabla ya kuondoka alimwambia Papa, bila kumuuliza, "Huyu mutoto nitaenda naye." Papa akaitika kwa kichwa. Mama alimvalisha mdogo wangu nguo zote alizokuwa nazo, moja juu ya nyingine, na tukawasindikiza mpaka kwenye lori. Mdogo wangu alifurahia lori. Alikaa juu ya magunia mikononi mwa baba mukubwa, akatupungia, akamuuliza Mama kwa sauti kama kule Butembo kuku wanaliwa. Mama akasema ndiyo, kule wanaliwa. Lori lilipokata kona, Mama aliendelea kupunga mkono kwa barabara tupu.

Nilibaki peke yangu kwenye kitanda kirefu, na hakuna kifua cha kusikiliza. Mama aliacha kulala. Alikaa kwenye kiti mpaka asubuhi, anawasha kiberiti na kukishusha, anasubiri, anawasha tena, mpaka viberiti vikawa vinatumalizia pesa ya chumvi. Mchana alisinzia akiwa anachambua maharagwe ya baba mukubwa. Nilimwogopea yeye na nilimwogopea yule wa tumboni.

Siku ya mshahara hakwenda kwenye geti, maana hakuwa na nguvu ya kukimbia. Tulimsubiri Papa mlangoni, kikapu kikiwa magotini mwa Mama. Alikuja akiteremka taratibu juu ya mawe, amevaa koti lake la depo, kalamu mfukoni, na kitu kinatikisika kwapani. Aliingia bila kusalimia. Alikuwa na kuku, jike jembamba lenye shingo tupu, hata halijaanza kutaga.

"Na mushahara?" Mama akauliza.

Papa aliangalia kuku, akatuangalia. "Njo huyu," akasema.

Mama alisubiri kidogo, labda aone kama mkono mwingine utaingia mfukoni. Haukuingia. Akaweka kikapu chini, akampokea kuku, akampapasa mabawa aone kama yana nguvu, kisha akaenda kukunja ule mkeka uliokuwa bado umetandikwa kwenye kona, mahali alipolazwa mdogo wangu. Akaniambia nilete kamba.